Wanakondoo Sita na Konde la Akiba

Usiku wa jana niliota nimening'inizwa kwenye mizani yangu mwenyewe, ile ya ndoano ninayoifunga kwenye mkaratusi nyuma ya zizi, na wanakondoo wangu sita wamejipanga chini wananisoma. Sikuogopa. Niliudhika tu kwamba kamba waliyonifungia kifuani ilikuwa mpya, nami nilikuwa nimeitunza kwa kazi maalumu.

"Ana kilo ngapi?" aliuliza yule mdogo mwenye sikio jeusi.

"Sitaji," ilijibu mizani. "Mwezi mzima huyu mzee ananipandishia kondoo kila asubuhi. Hakuna kiumbe anayenenepa kwa kupimwa."

Niseme kweli, hapo mizani haikunisingizia. Binti yangu Veneranda anaolewa baada ya wiki tatu, na hao sita ndio nyama ya shughuli. Nimewalea kwa majani matupu, bila pumba wala mashudu, maana huku kwetu milimani Mbulu mtu anayemnunulia kondoo chakula dukani huchekwa hadi kanisani. Lakini hawanenepi. Nikiwapapasa mgongo, mifupa inanichoma kiganja.

Na ninayo sababu ya kuhangaika. Mwaka juzi alipoolewa dada yake, Fausta, nilichinja kondoo waliokonda. Nyama ilikuwa ngumu mpaka baba mkwe wake akaitoa mdomoni kwa adabu, akaificha chini ya ukingo wa sahani. Nilimwona. Fausta naye alimwona. Tangu siku ile anampigia simu mama yake, mimi natumiwa salamu. Aibu ile sitaki kumpelekea mtoto wa pili.

"Mteremsheni," alisema mwanakondoo mkubwa kuliko wote. "Tumpapase."

Wananiteremsha. Wananilaza kifudifudi. Kwato zao zina vidole, na mimi sioni ajabu, naona wanajua kazi. Wanabonyeza nyuma ya ubavu wa mwisho, wanapitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo, vile vile ninavyowafanyia wao. Mmoja ananigeuza uso, ananifunua kope la chini, anatazama rangi.

"Jekundu vizuri," alisema. "Minyoo hana. Ila kwenye mgongo hakuna kitu."

"Analishwa nini?"

"Akiba," ilisema mizani. "Yaani huyu hali chakula. Anaweka."

"Huyu bado," walisema wote sita, na mkubwa akaandika mahali. Niliumia. Mtu una miaka sitini na miwili, umelipa kila mchango wa kijiji, halafu mwanakondoo wa miezi saba anakuambia bado.

Nilipoinuka kujitetea, mkaratusi haukuwepo. Tulikuwa ndani ya ukumbi wa harusi ya Fausta, mapambo yale yale ya zambarau, na kwenye meza kuu kilikuwa kimekaa kisu. Peke yake, wima, na kitambaa cheupe kimekunjwa mbele yake. Nilikivulia kofia.

"Keti, mzee," kilisema. "Usinitazame hivyo. Mimi sina haraka. Wanaonileta ndio wenye haraka."

Nilikiuliza kinataka nini ili safari hii tusiaibike. Kikajibu taratibu, namna wazee wa kanisa wanavyojibu wanapojua huwezi kuondoka.

"Sitaki makubwa. Nataka mnyama ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kurudi nyuma hata siku moja. Kondoo aliyeshiba jana akalala njaa leo, ninapomgusa tu najua. Nyama inakumbuka. Na mgongoni nataka utando mwembamba wa mafuta, ili jiko lisimkaushe. Basi."

"Na hayo mafuta yanatoka wapi?"

"Kwenye majani. Majani mazuri kabisa hupewa mwishoni. Wewe huna?"

"Ninayo," nilisema, na hapo nilijisikia fahari. "Nina konde zima bondeni. Majani ya klova na nyasi laini vinafika magotini. Nimelizungushia michongoma, halijaguswa tangu mvua za masika."

"Na hawa sita wanalishwa wapi?"

"Mlimani. Kwenye mawe."

Kisu kikakunjua kitambaa kilichokuwa mbele yake.

"Konde unalitunzia nini?"

"Siku ya shida."

"Shida ipi?"

"Itakuja."

Visu vingine vilivyokuwa mezani, ambavyo sikuwa nimeviona, vikatazamana. Nilitaka kuvieleza kwamba baba yangu alitunza konde lile lile, na babu yangu kabla yake, na kwamba mtu asiye na malisho ya akiba katika nchi yetu ni mtu wa kusemwa. Lakini sakafu ya ukumbi ilikuwa tayari imeanza kuota majani, na viatu vyangu vililowa umande.

Tuko bondeni. Lango la konde, la mabanzi ya mbao, linaniuliza mimi ni nani.

"Mwenyewe," nasema.

"Mwenyewe hajawahi kuingia," linasema lango. "Huwa anakuja, anachungulia, anaridhika, anarudi. Haya, pita."

Nilipoingia, majani yote yalisimama, kama watoto wa shule mwalimu anapoingia darasani. Mbele yao alikuwepo bibi mmoja wa majani, amejifunga kanga, kichwani shuke limeanza kuchungulia. Nilisimama kungoja aniamkie. Hakuniamkia.

"Unangoja nini?" aliuliza. "Kwa miaka ya majani mimi ni mama wa bibi yako."

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umechelewa."

Nikamwambia sijachelewa, nimetunza, na kwamba wahenga walisema akiba haiozi.

"Walikuwa wanazungumzia mahindi," alisema bibi. "Sisi ni majani. Wiki hii tuna utamu. Wiki ijayo tutatoa mashuke. Baada ya hapo sisi ni ufagio. Ukiwaletea wanakondoo wako ufagio, watafagia matumbo yao, lakini hawatanenepa. Umetulinda na ng'ombe, umetulinda na jirani, umetulinda na wanao. Nani sasa atule?"

Nilihesabu siku kwa vidole.

"Nikiwafungulia leo," niliuliza, "wiki tatu zitatosha?"

"Zitatosha, kama utawaacha. Usiwapime. Usiwakimbize. Usimpitishe mbwa hapa kuwasalimia. Wape maji, halafu ondoka. Wakishiba watalala wacheue, na unono huingia hapo, kwenye kucheua. Wewe uliwahi kucheua?"

"Mimi ni binadamu."

"Hilo halikuzuii. Lala."

Nalala. Wanakondoo sita wanalala wakinizunguka, miguu wameikunja chini ya vifua, taya zinakwenda kushoto, zinakwenda kulia. Najaribu. Kwanza unapanda ugali wa jioni na mlenda wake, nautafuna upya bila tatizo. Nikaona kumbe ni kazi nyepesi.

Halafu kikapanda kitu kirefu, kikavu, chenye vikonyo. Kilinikwaruza koo. Nilikivuta kwa vidole, nikakitandaza kwenye nyasi, nikakisoma. Yalikuwa maneno niliyomwekea Fausta.

Niliyaweka tangu akiwa darasa la saba, siku alipotembea na kondoo wetu mgonjwa mabegani hadi kwa bwana mifugo, kilomita tisa, na jioni akanambia tu kwamba kondoo amepona. Nilitaka kumwambia kwamba sijaona mtoto kama yeye na kwamba najivuna. Nikasema ngoja amalize shule. Akamaliza. Nikasema ngoja aolewe, nitayasema mbele ya watu, yawe na uzito. Siku ya harusi mshereheshaji alinipa kipaza sauti, nikaishukuru kamati kwa maturubai.

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nilijaribu kuyameza tena maneno yale, yakakataa kushuka.

"Yameshakomaa hayo," alisema bibi wa majani. "Yaache yaanguke. Makavu huwa na mbegu."

"Endelea kucheua," alisema yule mwenye sikio jeusi. "Lipo jingine."

Lilikuwepo. Lilipanda pole pole, laini, la kijani, lina maji. Lilikuwa la Veneranda. Mwanakondoo alilinusa.

"Hili bado bichi," alisema. "Liseme."

"Nitalisema siku ya harusi. Watu wakiwepo."

Wote sita wakaacha kutafuna. Wakanitazama. Bibi wa majani akajifunga kanga upya, na kichwani mwake nikaona shuke limechomoza kidole kizima tangu tuanze kuongea.

Na hapo Veneranda mwenyewe amesimama langoni, kavaa mabuti yake ya mpira, mkononi ana ndoo. Hashangai kunikuta nimelala katikati ya kondoo.

"Vene," nasema, na mdomo wangu umejaa majani. "Tangu dada yako aondoke, wewe ndiye unayetangulia zizini kila siku. Unadhani sijui. Najua. Ukiondoka hapa nitaumia, na wanyama hawa watanitazama mimi na wataona si wewe. Wewe ni mtoto mwema kwangu. Sasa fungua lango."

"Lango lipi, baba?"

"Hili la akiba. Waingie wote."

Alifungua mdomo kunijibu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mke wangu.

"Baba Fausta, amka. Kumekucha. Unatafuna nini?"

Niliketi kitandani. Taya ziliniuma. Nilinawa uso, nikanywa chai ya maziwa, nikajiambia kwamba ndoto ni ndoto. Konde limengoja tangu masika, litangoja wiki nyingine. Hata nikajicheka kidogo, mtu mzima kuamkia majani. Nikaenda zizini.

Zizi lilikuwa tupu.

Nilishuka bondeni nikiwa na hasira iliyotosha watu wawili. Umande ulikuwa bado haujakauka. Njia nzima palikuwa na alama za kwato na alama za mabuti ya mpira, za mtu mmoja, zikishuka. Alama nyingine ya binadamu haikuwepo mpaka nilipoongeza zangu.

Lango la mabanzi lilikuwa wazi. Veneranda ameegemea nguzo. Ndani, wanakondoo sita wameinamisha vichwa kwenye klova, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kunitazama.

"Nani amekuruhusu?" nilimwuliza.

"Wewe, baba."

"Nilikwambia lini?"

"Usiku." Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya mnada. "Nimewapa nyasi kavu kwanza, wasije wakavimba matumbo kwa klova yenye umande. Maji nimeweka."

Nilitazama konde. Hapa na pale shuke la kwanza lilikuwa limetoka. Mengi yalikuwa bado laini.

"Nilisema nini kingine?"

Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, akawa anamtazama yule mwenye sikio jeusi, aliyekuwa ameshaanza kukunja miguu alale.

"Yangu nimeyasikia, baba. Asante," alisema. "Na yale ya dada nimeyaokota hapa kondeni. Nimempigia alfajiri nikamsomea. Anasema hata yakiwa makavu, anayapokea."