Mkate wa Jukwaani

Walimpandisha Jabez juu ya mkokoteni wa nyasi, katikati ya soko la Marlbury. Msimamizi wa shamba, Bwana Pargeter, akamtia mkononi mkate mweupe, mzima, ungali na joto.

"Uinue, wauone hata wa nyuma. Na useme kama tulivyokubaliana."

Ngano nzuri Jabez aliilima tu, hakuila. Sehemu ya ujira wake shamba lilimlipa kwa ngano iliyosinyaa, ile iliyokataliwa sokoni, na likamhesabia kwa bei ya ngano nzuri. Lakini nyumba waliyolala wanawe ilikuwa ya shamba.

Akauinua.

"Ushuru wa ngano ya ng'ambo ndio ngao yetu," alisema. "Ukifutwa, wenye mashamba watafilisika, nasi tutakosa kazi. Huu ndio mkate wa mezani kwangu."

"Wee!" Ilikuwa sauti ya Keziah, mjane wa kaka yake. "Basi shemeji, utatualika lini? Maana jana mkeo alikuja kwangu kuomba maganda ya viazi!"

Soko zima likaangua kicheko. Bwana Pargeter hakucheka. Alimtazama Jabez tu.

"Msimsikilize," Jabez akasema. "Tangu kaka afe, akili yake haijatulia."

Kicheko kikakatika.

Msimamizi akaomba wanaoutaka ushuru wanyooshe mikono, huku akipitisha macho uso kwa uso. Mikono iliyopasuka ikapanda, mmoja baada ya mwingine. Wa Keziah ulibaki chini.

Jumatatu Jabez aliamriwa apeleke mkokoteni kwa Keziah. Alikuwa anatolewa nyumba ya shamba, anahamishiwa nyumba ya mafukara.

"Mwendawazimu hakai karibu na maghala," alisema Bwana Pargeter. "Atatutilia moto."

"Bwana, mimi nilisema tu..."

"Ulisema mbele ya watu, Jabez."

Keziah mwenyewe alishika upande wa pili wa kitanda. "Inua kwa magoti, shemeji. Mgongo ukikatika watakutupa na wewe."

"Keziah, mimi..."

"Watoto wamekula?"

"Bado."

Keziah alipanda mkokotenini, akakaa juu ya godoro lake, akakitazama kibustani nyuma ya nyumba. Mwaka ule viazi vya kijiji kizima vilikuwa vimeozea ardhini. Vyake tu vilikuwa na majani mabichi.

"Na viazi vyangu, Bwana?" alimuuliza msimamizi, aliyesimama mlangoni.

"Vimo katika udongo wa shamba." Msimamizi akamgeukia Jabez. "Chimba, uwapelekee wanao. Bwana mkubwa, mwenye shamba, hamsahau mtu aliyemsemea vizuri."

Jembe-uma la kuchimbia viazi liliegemea ukuta. Jabez alilitazama. Alimtazama Keziah, naye akaugeuza uso wake kwenye barabara.

Akalichukua. Akalichomeka mbali na shina, taratibu, asije akajeruhi hata kiazi kimoja.