Kito Akamtanguliza Nuru
Drusilla alirudi kwao Kiogoro mkono umevimba, akamwambia kaka yake Abner kwamba kwa mumewe kule Magwagwa hatatia mguu tena. Ng'ombe wa mahari ya Drusilla ndio waliotolewa kumwoa Orpah, mke wa Abner. Dada akibaki nyumbani, ng'ombe warudishwe, na Orpah naye arudi kwao. Desturi haiulizi mkono wa nani umevimba.

"Niache niwaze mpaka asubuhi," Abner akasema.

Drusilla akavishusha vitabu vyao darini, hadithi za Kito na dada yake Nuru katika nchi ya mazimwi. Baba yao alivinunua dukani kwa Osman, kimoja kimoja, miaka ikipita. Wao walipokuwa watoto, Kito na Nuru walikuwa watoto. Walipobaleghe, nao wakabaleghe. Katika kitabu cha mwisho Kito, sasa mtu mzima mwenye mifugo, anamfungia Nuru lango huku zimwi likimfuata. Siku walipokisoma, Abner alilia kwa hasira. "Mimi ningefungua!" aliapa, na Drusilla akamwamini kama alivyoiamini Sabato.

Sasa alianza upya na cha kwanza, apate kujua Kito aliharibikia wapi. Hakwenda mbali. Kurasa za mwanzo tu, watoto wawili wako ukingoni mwa mto, na Kito anasema kwa upole, "Tangulia, dada yangu." Utotoni walidhani ni heshima. Heshima gani! Kijana alikuwa akipima kina kwa mwili wa dada yake. Nyota njema huonekana asubuhi, na mbaya vilevile. Mwandishi hakuficha kitu. Drusilla akakifunga kitabu.

Asubuhi Abner alikuwa ameshavaa koti. Uji hakuugusa.

"Nitakusindikiza," alisema, macho chini. "Nitaongea na shemeji. Hatakupiga tena."

"Na akinipiga?"

"Dada, Orpah ana mimba."

Drusilla hakuwa na pa kwenda. Wakashuka mpaka mtoni. Mvua ilikuwa imeujaza, maji mekundu ya udongo. Abner akasimama ukingoni, akawa anakunja suruali yake taratibu.

"Tangulia, dada yangu," akasema.

Drusilla akamgeukia. "Abner, unamkumbuka Kito?"

"Kito yupi?"

Drusilla akainua nguo yake, akaingia majini.