Nilikuwa Nakusubiri, Mama

Bernadeta alikuwa uani kwa jirani, akisaidia kufunga majani ya tumbaku, aliponusa nguo ikiungua. Moshi ulitoka jikoni kwake. Alikimbia mpaka kandambili zikabaki njiani.

Cheche ilikuwa imerukia kanga aliyofunikwa mwanawe mchanga, Adriano, aliyelala mkekani. Pindo lilikuwa linawaka. Akaivuta, akaitupa nje, akamkumbatia mtoto na kumkagua mwili mzima. Hakuungua popote. Ndipo alipomwona Julieth, binti yake wa miaka kumi, amesimama ukutani, mikono inaning'inia, ndoo ya maji iko miguuni pake.

"Mbona hukumwaga maji?"

"Nilikuwa nakusubiri, mama."

Bernadeta akakaa chini. Mtoto huyu hakuwa mjinga. Darasani alikuwa wa tatu. Lakini tangu dada mkubwa wa Julieth afe kwa homa, Bernadeta alimlea kama yai. Alimfunga vifungo vya sare, alimmenyea hata chungwa, na kila aliposogelea jiko alimwondoa: acha, utaungua.

Vedasto, mumewe, aliporudi na kuambiwa, alikwenda kukata fimbo. Bernadeta akamzuia.

"Hana kosa. Ni mimi niliyemfundisha kusubiri."

Kesho yake akampa kiberiti. Julieth alivunja njiti saba, na kila mara akageuka kumtazama mama yake, ambaye alikuwa ameikalia mikono yake mwenyewe. Ugali ulitoka na madonge. Vedasto, aliyekwisha kuonywa asilalamike, akaumaliza. Siku nyingine mvuke ulimchoma Julieth kidole. Bernadeta alimpoza kwa maji, akamfuta machozi, kisha akamrudishia mwiko. Kuurudisha ule mwiko kulimuuma yeye kuliko kidole kilivyomuuma binti yake.

Mwezi uliofuata akamtuma peke yake mashineni kusaga mahindi. Akachelewa. Bernadeta alitoka hadi njiani mara tatu, akajirudisha. Mtoto alipotokea alikuwa vumbi tupu, goti linavuja damu, kiroba kichwani kimefungwa kwa gamba la mti.

Alijikwaa bondeni, alieleza, kiroba kikapasuka. Akazoa unga alioweza, akabandua gamba la myombo na kukifunga kama alivyowaona warina asali wakifunga mizinga yao.

Bernadeta alisogea, akaligusa lile fundo la gamba. Alimtazama kama mtoto wa watu.

"Unga umepungua kidogo, mama," Julieth alisema, akitua mzigo. "Nibandike maji?"