Nne Nukta Mbili za Mheshimiwa

Kengele ya chakula cha mchana ililia mchezo wa sataranji ukiwa umenoga. Kwa utaratibu wa klabu, ubao ulibebwa pamoja na kete zake zote hadi kwenye kabati la vioo la mwalimu wa hesabu, ukafungiwa humo mpaka saa kumi. Timu ya shule ilikuwa imebakiwa na nafasi moja, na mchezo huu ndio ungeamua nani aichukue. Mheshimiwa, aliyeitwa hivyo kwa sababu hata kuomba chumvi alisimama akatoa hotuba, alicheza na kete nyeusi. Katika msimamo wa klabu alikuwa mbele kwa nusu pointi, hivyo sare tu ingemtosha.

Mpinzani wake, msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Kiberiti, alishakata tamaa.

"Tukirudi nasogeza askari mmoja, halafu nakupa mkono wa sare," alimwambia mlangoni. "Nenda kaniwakilishe."

Mtu mwenye akili zake angekula, akashiba, akanyamaza. Mheshimiwa alitaka ushindi wa kishindo. Alijipenyeza chumba cha kompyuta, akapanga kete kwenye skrini kama zilivyokaa kabatini, na kwa kuwa yeye ni muungwana, akaziba kwa daftari hatua zote zilizopendekezwa na mashine. Alitazama tu alama inayoonyesha nani yuko mbele: +4.2.

Jumlisha. Kwa imani yake, jumlisha huwa ya mwenye kuitazama.

Punde si punde mlango wa bwalo ulikuwa na karatasi: "TANGAZO KWA UMMA. Mashine isiyo na upendeleo imeupima mchezo wetu na kutoa +4.2. Mwenye kitambaa cha kufutia machozi amwazime Kiberiti."

Kiberiti aliisoma mara mbili, sahani mkononi.

"Una hakika ni jumlisha, Mheshimiwa?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Haya. Asante kwa taarifa."

Saa kumi mwalimu alikuja na ufunguo mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, mwalimu, kwa unyenyekevu mkubwa."

"Na wewe ni weusi."

"Naam."

"Mwanangu, mashine haikujui. Jumlisha ni ya weupe siku zote. Weusi wakiwa mbele, inaandika alama ya kutoa. Chumba cha kompyuta utakifagia wiki nzima. Kaa ucheze."

Mheshimiwa alivuta kiti, akakaa.

Kiberiti, ambaye kwa kawaida hucheza kabla kiti hakijapata joto, alishika tama robo saa nzima. Hakujua kilichojificha pale ubaoni. Alichojua ni kwamba kipo. Mwishowe aliisukuma ngome yake mpaka ubavuni mwa mfalme mweusi, bure kabisa, na mfalme hakuwa na njia ila kuila. Hapo farasi mweupe akaruka, akatua palipowatisha mfalme na malkia kwa pamoja. Mfalme alikimbia. Malkia akaliwa.

"Ngome ni tano, malkia ni tisa," mwalimu alihesabu taratibu. "Baki nne."

"Na zile nukta mbili, mwalimu?" Mheshimiwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hizo ni za tangazo," alijibu Kiberiti. "Bila hilo ningeshakupa mkono saa hizi."

Asubuhi mlango wa bwalo ulikuwa na karatasi mpya, mwandiko uleule: "MASAHIHISHO. Vitambaa vyote viletwe kwa aliyeandika tangazo la jana. Atavirudisha vikikauka."