Mitamba Wanne na Giaboksi ya Lorine

Pole pole ndio mwendo, wahenga walisema, na tuwaheshimu. Lakini mhenga aliyesema hivyo hakuwahi kuvuta trela la ng'ombe mlimani kwa gari la otomati. Lorine alikuwa nalo gari hilo, pikapu nyeupe aliyoinunua kwa jasho lake la kusambaza chakula cha kuku Migori, na asubuhi hiyo alikuwa anavuta mitamba wanne kutoka soko la Ogwedhi hadi kisiwani Rusinga, nyumbani kwa kina mama yake. Kando yake aliketi baba yake, Mzee Elijah, amevaa suti ya Jumapili siku ya Ijumaa.

Mitamba hao walikuwa mahari ya mama yake Lorine. Naam, ya mama mtu, si ya binti! Miaka thelathini na tisa Elijah ameishi na Roseline, wamezaa watoto watano, na ng'ombe hawajawahi kufika kwa wakwe. Mara ya kwanza ukame uliwamaliza. Mara ya pili lori la kukodi liliungua giaboksi pale Rongo, wajomba wakashinda kutwa wakitazama barabara na nyama jikoni, na bibi, mama yake Roseline, akatamka kwamba ng'ombe wenyewe wanamkataa huyo mwanamume. Tangu siku hiyo hamwiti mkwe, ila "yule mtu wa Uriri," basi. Sasa bibi ana miaka tisini na mbili na tangu Krismasi hajawa na nguvu. Mara ya nne haitakuwepo, na Elijah alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Hii otomati ni gari ya ofisi," alinung'unika walipoipita Homa Bay. "Ingekuwa ile ya kukanyaga klachi, mimi ningelala usingizi."

"Lala tu, Baba. Ikiharibika nitakuamsha."

Lorine hakuwa anajigamba bure. Sharif, fundi wake wa Migori, alikuwa amelifungia gari rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi, akamwaga oili yote ya zamani, kisha akamhubiria kama yuko mimbarini: "Dada yangu, giaboksi haiuawi na mbio. Inauawa na mzigo mzito na mwendo wa kinyonga, maana upepo haupiti na oili inachemka. Mlimani weka gia ndogo wewe mwenyewe, usiliachie gari lijichagulie. Na taa ikiwaka, simama, weka nyutro, uache injini ingurume ili oili izunguke ipoe. Ukizima, umeipika."

Walivuka daraja la Mbita saa tano, taa zote za dashibodi zimetulia. Elijah alianza hata kupiga mluzi. Lakini kwenye njia ya murram, isiyo na lami, inayopanda kwa kina mama, wajomba walikuwa wanawangoja.

Na si wajomba tu. Shangazi, majirani, kwaya ya kanisa, matawi mikononi, na mbele yao Mjomba Willis akipuliza pembe. Ng'ombe wa mahari hupokewa njiani kwa nyimbo, na nyimbo zilizongoja miaka thelathini na tisa, lo, usiombe! Walijipanga mbele ya bampa na kuanza kupanda wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Lorine akavuta wenzo wa gia nzito inayozungusha magurudumu yote manne, akaweka namba moja, akafuata. Songa, breki. Songa, breki. Mitamba wakasukumana na trela likavuta gari nyuma. Ukafuata wimbo wa pili, halafu wa tatu, na hata nusu ya mlima hawajafika.

Taa nyekundu ikawaka.

"Zima!" Elijah alipiga kelele. "Zima gari, inaungua!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Lorine akaushika, akaukaza. Mtoto hamshiki baba yake hivyo, lakini alimshika.

"Baba, acha. Tukizima ndio tumeimaliza."

Akaweka nyutro, akavuta breki ya mkono, injini ikaendelea kunguruma. Elijah akafunika uso kwa kofia. "Ni Rongo tena," alisema. "Mungu wangu, ni Rongo tena."

Mjomba Willis alikuja dirishani, jasho likimtiririka. "Mbona mmesimama? Ng'ombe zimekataa tena?"

Lorine akashuka. "Nera," alisema, maana ndivyo Mjaluo anavyomwita mjomba wake, "nakuheshimu sana. Lakini nyimbo zenu zinanipikia gari."

Shangazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Unataka tunyamaze? Siku ya leo?" Willis akauliza.

"Sitaki mnyamaze. Nauliza tu, mnaimbia gari ama ng'ombe?"

"Ng'ombe, bila shaka!"

"Basi ng'ombe ndio hao. Wana miguu."

Willis alitazama trela, akatazama mlima, halafu akajipiga paji la uso. Baba yake mwenyewe alipeleka mahari kwa miguu, siku mbili nzima, na leo yeye anachezea bampa! "Fungueni mlango," akasema. "Ongezeni sauti."

Mitamba wakashuka wakipepesa macho. Elijah akavua koti, akapewa fimbo, akawaswaga mbele ya kwaya, mgongo umenyooka. Lorine alibaki na injini yake inayonguruma. Baada ya dakika kumi na mbili taa ilizimika yenyewe, naye akapanda mlima na trela tupu, gia ile ile ndogo, bila kugusa breki.

Alifika mitamba wakiingia bomani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, shuka mabegani. Elijah alisimama langoni, kwa kuwa mkwe hamsogelei mama mkwe, na jua la saa sita lilikuwa linampiga kichwani. Bibi aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja, bila haraka, kisha akamtazama mwenye fimbo.

"Willis," alisema, "mwambie mkwe wangu atoke juani."

Elijah hakuweza kutoka. Alibaki pale pale langoni akilia kama mtoto, mpaka Lorine akaja kumshika mkono.