Ndama wa Muna

Josephine wa Hewani hakuwa mfugaji. Watu wake ni wakulima wa kando ya Mto Tana, na ng'ombe aliwajua kwa ubaya tu, walipoingia shambani. Ndiyo maana mumewe, Nehemiah, alishangaa kiangazi kile cha mwaka 2022 alipomkuta mkewe ameketi vumbini, kichwa cha ndama kiko mapajani mwake, akimdondoshea maji mdomoni kwa kidole.

Ndama alikuwa wa Hirbo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akiwashusha ng'ombe wake mtoni kunywa. Mama wa ndama alikufa asubuhi hiyo njiani. Ndama mwenyewe alianguka pembeni mwa shamba la Josephine, na hata walipomwinua kwa mkia na mabega, miguu ilikataa.

"Huyu hawezi tembea tena," Hirbo alisema. "Nikimngoja, hawa wengine watakufa. Mama, huyu ni wa binti yangu, Muna. Ni uzao wa ng'ombe niliyempa siku aliyozaliwa. Nisaidie kumlea. Mungu akileta mvua, nitarudi."

"Nitajaribu, baba," Josephine akajibu.

Alijaribu kweli. Aliomba maziwa ya mbuzi kwa jirani, akayaongeza uji mwepesi, akamnywesha kwa chupa ya soda. Alimgeuza ubavu huu na huu asitoke vidonda. Nehemiah alimcheka siku mbili. Siku ya tatu akaanza kumkatia migomba. Siku ya tisa ndama akasimama, miguu ikitetemeka, na Josephine akalia kama mtu aliyefiwa.

Akamwita Tunu. Watoto wao wote walikuwa Mombasa, nyumba ilikuwa kimya, na sasa kulikuwa na kiumbe kinachomfuata mpaka mtoni na kumlamba mkono akipepeta mchele. Jumapili Tunu alimsindikiza hadi mlango wa kanisa, watu wakacheka. Jina la Muna lilianza kumtoka kichwani.

Mvua ilinyesha Machi. Wiki chache baadaye Josephine aliwaona watu wawili wakija kwa miguu, Hirbo na msichana wa miaka kumi hivi. Tunu hakuwapo; alikuwa Kulesa kwa wifi yake Josephine, kulikokuwa na majani mazuri. Josephine alijua wamefuata nini, na kabla hawajafika uani alikwisha kuamua.

Walisalimiana. Hirbo alimpa kilo ya sukari na majani ya chai. "Tumekuja kumwangalia yule mgonjwa wetu," akasema.

"Pole sana, baba. Alikufa. Siku ya tatu tu."

Hirbo aliinamisha kichwa. "Basi ni kazi ya Mungu. Ulijaribu, mama. Ahsante."

Muna alikuwa bado anamtazama Josephine. "Mlimzika wapi?"

Josephine hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akanyoosha mkono ovyo, kuelekea nyuma ya migomba. Msichana akaenda. Aling'oa majani mabichi konzi moja, akayaweka chini, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akasimama pale mpaka baba yake alipomwita.

Nehemiah alikuwa kibarazani akimenya mihogo. Alingoja mpaka wageni walipopotea machoni.

"Kwa nini, Josephine?"

"Wangemchukua."

"Ndama ni wao."

"Wana ng'ombe wengi wale. Mmoja atawapunguzia nini?"

"Umewaona wakija na hata mmoja?"

Josephine aliingia ndani. Sukari ile aliiweka juu ya kabati, na kila alipotaka kuipikia chai mkono ulirudi. Mwishowe ilishikana kwa unyevu, akawapa kuku. Tunu alinenepa, ngozi iking'aa, lakini kila alipomlamba mkono, Josephine aliutoa.

Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Kisha, siku ya soko Garsen, alisikia mtu akimwita, "Mama wa Hewani!" Alikuwa Hirbo, amekonda, amebeba gunia la makaa begani. Alilitua, akamsalimia kwa furaha, akawageukia wenzake.

"Huyu ndiye mama niliyewaambia. Mkulima, lakini alihangaika na ndama wetu kama mtoto wake."

Wale watu wakamshukuru. Josephine alitamani ardhi impasukie.

"Muna hajambo?" aliuliza.

"Yuko Garissa kwa shangazi yake, anamsaidia kazi. Ng'ombe wote walikwisha. Mtoto atakaa nyumba isiyo na maziwa?"

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, Josephine alimfunga Tunu kamba na kwenda naye kwa miguu mpaka manyatta ya Hirbo, kijiji cha wafugaji ng'ambo ya Garsen. Nehemiah alitaka kumsindikiza, akakataa.

Hirbo alikuwa akipanga magunia. Alimwona ng'ombe, akaliacha gunia. Alimkaribia, akamshika sikio, akapapasa mkato uliokuwa alama ya ng'ombe wa ukoo wake.

"Hakufa," Josephine akasema. "Nilikudanganya. Nilimpenda, nikakudanganya."

Mke wa Hirbo, Mumina, alikuwa ametoka nje akisikiliza. Aliyezungumza ni yeye.

"Binti yangu alilia njia nzima siku ile. Angekuwa na huyu, tusingempeleka Garissa. Angekaa amngoje azae."

"Najua, mama."

"Hapana. Hujui."

Hirbo aliichukua kamba. Alimshukuru kwa kumlea, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu, kisha akampigia simu Muna na kumweleza kwa Kiorma. Josephine aliomba aseme naye. Hirbo aliuliza, akasikiliza, akaikata simu.

"Anasema si leo."

Tunu alilia alipomwona akiondoka, akaivuta kamba. Josephine hakugeuka, kwa kuwa angegeuka angerudi.

Alifika Hewani alasiri. Nehemiah alimtilia maji ya kunywa.

"Wamekusamehe?"

"Hawakusema," akajibu, na akaenda kuling'oa boma la Tunu.