Kisanduku cha Jina la Dereva

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba fomu imenitangulia ofisini, imekaa kwenye benchi, imekunja nne, inanisubiri.

Kabla sijaendelea niseme ni fomu gani. Gari letu ni la familia. Tuliachiwa na marehemu mama, mimi Gaudensi na mdogo wangu wa kike, Kolumba, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kadi ya gari ina jina langu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni zamu yangu. Jumanne na Alhamisi ni zamu ya Kolumba. Kanuni za matumizi niliziandika mimi, na cheo cha Mwenyekiti wa Gari nilijipa mimi, katika kikao ambacho mjumbe mwingine alikuwa ametoka kwenda kuanua nguo.

Wiki iliyopita ikaja notisi ya polisi wa usalama barabarani, na fomu ndani yake. Gari letu limeonekana siku ya Jumanne likiendeshwa bila uangalifu, limepanda kipilefti cha mjini na kulala juu ya maua. Mwenye gari anatakiwa kuandika jina la dereva kwenye kisanduku namba saba cha fomu na kuirudisha ofisini kwao.

Jumanne ni ya Kolumba, mtaa mzima unajua. Ambacho mtaa haujui ni kwamba Jumanne hiyo Kolumba alikuwa kitandani na homa, nami nikachukua gari bila kumwambia mtu. Nilipanda kipilefti nikiwa nimeshika simu, narekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la familia. Ujumbe ulihusu umuhimu wa kuendesha kwa uangalifu.

Kolumba hajaiona notisi. Mke wangu Prisca nilimwambia tu, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na ndugu zake, kwamba Kolumba ametuletea mambo. Jana jioni nikaandika jina la Kolumba kwenye kisanduku namba saba, kwa penseli, nikajiambia wino ni kesho. Nilijua kwamba kesho hiyo hiyo, saa nne asubuhi, Kolumba ana usaili wa kuendesha basi la chekechea, kazi aliyoisaka miaka miwili, na kwamba shule inataka dereva asiye na kosa hata moja. Nilijua, na nikalala vizuri tu. Ndiyo maana nikaota vibaya.

"Umechelewa," fomu ikaniambia. "Umesoma maelekezo?"

Nikasema mimi ni mtu wa maelekezo, hata nyumbani kwangu yamebandikwa ukutani.

"Soma la kwanza."

Nikasoma: jaza kwa herufi kubwa.

Fomu ikanyoosha kona yake kuelekea uani. Herufi za jina la Kolumba zimesimama huko kwenye jua, kila moja ni kubwa kama mlango wa kanisa, ya mbao ngumu. Kisanduku namba saba kiko upande wa pili wa uwanja, kina kitasa na zulia dogo la kufutia miguu.

"Zibebe," ikasema fomu.

Nikatafuta ngata, nikajitwika K. Ni nzito kama kabati lenye nguo. Natembea, shingo inaingia kifuani, watu waliopanga foleni wananipisha kwa heshima kama wanavyompisha aliyebeba msiba. Nikaitua. Nikarudi kuchukua O, ambayo angalau inaviringika.

Nikiwa kwenye L nikauliza herufi hizi zinatoka wapi.

"Kwenye leseni yake," fomu ikajibu. "Jina la mtu halikai sehemu mbili. Likija huku, kule linaondoka."

Nilipaswa kusimama hapo. Nikauliza kama kuna toroli.

Toroli halikuwepo, ila karani alikuwepo. Karani alikuwa koni ya barabarani, ile nyekundu yenye mkanda mweupe kiunoni, na alivaa miwani ya kusomea. Aliisoma notisi taratibu, akasema kuna neno moja linahitaji uthibitisho. Notisi inasema gari liliendeshwa bila uangalifu. Basi uangalifu ulikuwa wapi?

Nikamwambia hilo ni neno la kisheria tu, lisimsumbue.

"Aitwe," akasema Koni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Uangalifu wangu. Nilimtambua ingawa hatukuwa tumeonana muda mrefu. Ni mzee mfupi, amevaa koti langu la harusi, amebeba chupa ya chai na mwavuli. Akasalimia benchi zima, mmoja mmoja, kisha akaeleza kwamba tangu Jumanne amekaa getini. Alikuwa amejiandaa mapema, chai amepika, lakini Mwenyekiti alipotoka alimwambia gari limejaa.

"Lilikuwa limejaa nani?" Koni akauliza.

"Yeye mwenyewe, Mheshimiwa. Na sauti yake."

Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, nikainywa, ikawa ya moto sawasawa. Kunywa chai nzuri ya mtu uliyemwacha getini ni jambo la aibu, na aibu yangu niliinywa yote mpaka majani ya chini.

Nilipoinua macho, ofisi haipo. Tuko juu ya kipilefti. Maua yamelazwa kwenye vitanda vidogo, kila ua lina kadi yake ya kliniki, na magari yanazunguka kimya kwa sababu ni saa ya kuwaona wagonjwa. Ua moja, la njano, bua lake limefungwa bendeji, likaniomba niiname.

"Wewe ndiye uliyekuwa unarekodi," likasema. "Uliniangukia ukiwa unasema, ndugu zangu, macho barabarani. Halafu ikakatika. Nimelala hapa nikijiuliza, iliendeleaje?"

Sikuona pa kukimbilia. Nikalimalizia: ndugu zangu, macho barabarani, maana si wote tuliojaliwa kipaji cha kuendesha.

"Ahaa," likasema ua. Likanishukuru, likageukia ukutani. Ukuta haukuwepo, ukaletwa kwa ajili hiyo.

Nami bado nina herufi za kubeba. Nabeba U, nabeba M ambayo ina miguu mingi na hakuna hata mmoja unaotembea, nabeba B. Ilibaki A. Nikajitwika A, nikageuka, kumbe niko kwenye uwanja wa chekechea.

Ni asubuhi. Basi limesimama, limeoshwa mpaka linang'aa. Watoto wameshapanda, wamekaa wima na vikapu vyao vya chakula mapajani, wanasubiri. Kolumba yuko kwenye kiti cha dereva. Amevaa lile gauni la buluu alilovaa kwenye mazishi ya mama na hajalivaa tena tangu siku ile. Mwalimu mkuu amesimama mlangoni mwa basi, ameshika leseni yake, anaigeuza mbele na nyuma.

"Dada," mwalimu akasema, "hii leseni haina mtu."

Kolumba akaipokea, akaiangalia muda mrefu. Kisha akaniona mimi pale uwanjani, na uso wake ukafunguka. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Kaka, afadhali umekuja," akasema. "Hebu niangalizie. Jana ilikuwa na jina langu lote."

Aliyasema hayo huku A ya jina lake iko kichwani kwangu, kubwa kama mlango wa kanisa. Hakuiona, kwa sababu alikuwa ananitazama usoni. Moyo uliniuma, na naandika hivyo hivyo kwa kuwa uliniuma.

Nikamwambia labda ni mwanga.

Naam. Hata ndotoni, mahali ambapo mtu anaweza kuruka angani au kuoa upya, mimi nilisema labda ni mwanga. Watoto wote walinigeukia. Kengele ikalia, mwalimu mkuu akaanza kuwashusha mmoja mmoja, na kila aliyeshuka alimpa Kolumba mkono kama tunavyowapa mkono wafiwa.

Koni akatokea nyuma ya basi. Akasema shauri halijafungwa, kila mtu akae kama alivyokaa Jumanne. Hapo hapo basi likawa gari letu. Mimi, mtu wa kanuni, nikazunguka haraka nikafungua mlango wa kushoto, wa abiria.

Kiti kikanikatalia. "Huyu simfahamu," kikasema. "Mimi hukaliwa na Mama Editha."

Mama Editha ni Prisca. Nikazunguka upande wa pili polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, nikakaa kwenye usukani. Kiti hicho kilinipokea. Kilikuwa kimesharudishwa nyuma kwa kipimo cha miguu yangu, na kioo kilikuwa kinanitazama machoni. Mkanda ukajivuta wenyewe, ukapita kifuani, ukajifunga.

"Dereva ni nani?" mkanda ukauliza.

Nikasema Kolumba. Ukakaza.

Nikasema Jumanne ni zamu yake. Ukakaza.

Nikasema kanuni ya nne, kifungu cha pili, inasema mwenye zamu ndiye mwenye dhamana ya gari kwa saa ishirini na nne. Ukakaza mpaka nikaisikia kanuni ya nne ikitoka mapafuni.

"Mimi majina siyajui," mkanda ukasema, bila hasira. "Nayajua mabega. Nimekuuliza dereva ni nani."

Uangalifu amekaa kiti cha nyuma, amefunga mkanda, mwavuli ameulaza magotini. Haniangalii. Kolumba amesimama peke yake kwenye uwanja mtupu, bado ameshika kile kipande cha plastiki kisicho na mtu. Nilikuwa na pumzi ya neno moja tu. Kwa mara ya kwanza tangu niwe Mwenyekiti, nikalazimika kuchagua neno.

"Mimi," nikasema.

Mlango wa kisanduku namba saba ukafunguka. Herufi zikatoka zenyewe, zinajinyoosha migongo, zinalalamika jinsi zilivyobebwa, zikaelekea kwa Kolumba kwa mstari mmoja. Mkanda haukulegea. Ulisema umesikia, lakini utabaki hapo kidogo, kwa usalama wangu.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani. Prisca alikuwa anakunja chandarua upande wake, na alipoufikia upande wangu akasita.

"Baba Editha, umelalia nini?"

Nikajitazama. Kwenye kifua changu kitupu kulikuwa na alama nyekundu, pana kama vidole vitatu, imenyooka kabisa, imeanzia bega la kulia na kuteremka mpaka ubavu wa kushoto. Nilisema ni mikunjo ya shuka. Shuka lilikuwa limetandikwa vizuri, hata halikuwa na mkunjo.

Prisca hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Aliifuata ile alama kwa kidole, kutoka juu hadi chini, taratibu, kama anayesoma barua. Kisha akaweka mkono kwenye bega lake mwenyewe.

"Mimi mkanda wangu huanzia kushoto," akasema.

Akaendelea kukunja chandarua. Nilikaa kitandani kidogo, nikatazama saa, ilikuwa haijafika hata saa mbili. Nikampigia Kolumba, na alipopokea nilianza kwa salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kumpa.